Mtoto wa sokwe kwenye kaseti ya njano

Kaseti ya njano ilijitapa kuwa ina gemu 9999999. Ukishuka orodha kurasa mbili tatu ulikuta ni gemu ishirini na kitu tu, zimebadilishwa majina na kurudiwarudiwa mpaka zikajaa. Sisi watoto wa Litein tulilijua hilo na halikutuudhi. Mvua ya Kericho hupenda kunyesha mchana, na ikishaanza, pa kukimbilia palikuwa kibanda cha gemu: televisheni ya Great Wall isiyo na rangi, betri ya gari chini ya meza, na wavulana wamebanana kwenye benchi, kila mmoja na sarafu yake ya shilingi 5.

Wote walitaka Contra au Mario. Donkey Kong Jr. ilifunguka kwa bahati mbaya tu, kidole kikiteleza, na hapo hapo ukapigiwa kelele uitoe. Miaka imepita na bado nasema kelele zile hazikuwa za haki.

Asili yake ni gemu ya Donkey Kong ambayo kampuni ya Nintendo ya Japani iliitoa mwaka 1981, iliyobuniwa na kijana aitwaye Shigeru Miyamoto. Sokwe amemteka msichana, na fundi mmoja mwenye masharubu anapanda vyuma vya jengo kumwokoa. Miyamoto aliliweka kwenye jina neno la Kiingereza la punda akidhani linabeba maana ya ujinga. Kwetu lilizua ubishi mrefu: huyo punda yuko wapi?

Mwaka uliofuata, 1982, ukaja mwendelezo, ndio Donkey Kong Jr. yenyewe, na hadithi ikageuzwa kichwa chini. Fundi yule, ambaye sasa ana jina, Mario, amemfungia sokwe kizimbani, na anayekwenda kumtoa ni mwanawe, kitoto cha sokwe kilichovaa fulana. Mario, kipenzi cha dunia, ndiye mbaya wa hadithi! Nintendo haijathubutu tena kumtumia hivyo ila mara chache mno.

Utamu wenyewe umo katika kupanda. Mtoto hutambaa juu ya mitambaazi inayoning'inia. Akishika mmoja, hupanda polepole. Akishika miwili, mkono huku na mkono kule, hupaa. Kushuka ni kinyume: achia mmoja, uteleze. Njiani kuna vinywa vyenye meno na ndege wanaodondosha mayai, na silaha yako ni tunda unaloligusa likaangukia adui aliye chini. Mtoto aliyekulia kwenye mashamba ya chai hahitaji kufundishwa haya. Mchumaji wa mkono mmoja hajazi kikapu. Anayechuma kwa mikono yote miwili ndiye anayefika kituo cha majani kabla karani hajafunga mizani.

Kufika kwa gemu hii Kericho na Bomet si muujiza. Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo ilianza kuuza mashine ya Famicom huko Japani ikiwa na kaseti tatu tu: Donkey Kong, Donkey Kong Jr. na Popeye. Mashine hiyo haikuwa na kufuli la kuzuia kaseti za kuigwa, kama lililowekwa baadaye kwenye ile ya Marekani, na viwanda vya Asia vikaiga mashine na kaseti vilivyotaka. Gemu za mwanzo zilikuwa nyepesi kupindukia. Donkey Kong Jr. ni kilobaiti 24 peke yake, kwa hiyo ilipachikwa popote palipobaki nafasi, kama abiria wa mwisho wa matatu. Kwetu nyumbani mashine ilikuja na bonasi ya chai, pamoja na mabati ya jikoni.

Kilichoizika Donkey Kong Jr. ni ndugu yake mdogo. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ilikuwa na dunia inayosonga mbele, na gemu ya skrini moja moja ikaonekana ya kizee papo hapo. Mtoto wa sokwe alipewa gari la mashindano katika Super Mario Kart ya 1992, kisha toleo lililofuata likampa mwingine kiti chake. Lakini nakwambia, ile ya Famicom ni kamili kuliko ya baba: Donkey Kong ilipohamishiwa nyumbani ilipunguzwa hatua moja kati ya nne, ya mwana ikabaki na zote nne.

Niliifikia hatua ya nne mara moja tu, mchana mmoja wa mvua. Funguo sita, minyororo sita. Unazisukuma juu mmoja mmoja huku ndege wakikuvamia. Benchi lote lilinyamaza, hata wale wa Contra. Ufunguo wa sita ukaingia, sakafu ikatoweka, Mario akaanguka, na mtoto akampokea baba yake. Kisha skrini ikarudi mwanzo: mitambaazi ile ile, ndege wana mbio zaidi, na mzee yuko kizimbani tena.