Kingereza cha soko: neno dogo linalobadilisha beyi

Wafanyabiashara wengi wa Butembo, Beni na Bunia wanachukua bidhaa Kampala. Kule Uganda, faktire zinaandikwa kwa Kingereza, lakini kwetu Kongo masomo yanafanyika kwa Kifaransa. Shida inaanza muuzaji anapotaja beyi kwa vitenzi vya maneno mawili. Kitenzi chenyewe mtu anaweza kukijua. Neno dogo linalokifuata ndilo linageuza maana, na makuta inapotea.

Kupanda na kushuka. "Go up" ni kupanda, "go down" ni kushuka. Lakini angalia tena neno linalofuata. Karto ilikuwa dolare 20. Wakisema "it went up by 5", wameongeza dolare 5, sasa ni 25. Wakisema "it went up to 25", beyi imefika 25. "By" inaonyesha tofauti, "to" inaonyesha beyi mpya.

Kupunguziwa. Kwa kitu cha dolare 50, "I'll knock 10 off" maana yake anatoa 10, utalipa 40. "I'll knock it down to 40" ni kushusha mpaka 40. Mwenye kusikia tu "knock" na "10" anaweza kuzania atalipa dolare 10.

Avansi. Hapa ndipo wengi wanaanguka. "Put 200 down" si kushusha beyi. Ni kutanguliza avansi ya dolare 200, na deni lingine linabaki. Kushusha beyi ni "bring down". Na "put up the price" ni kupandisha.

Jumla. "It comes to 60 dollars": yote pamoja ni dolare 60. Kama ni duzeni moja, "it works out at 5 dollars each": kila kimoja kinafikia dolare 5. "It doesn't add up" ni kusema hesabu haikubali.

Deni. "Run up a debt" ni kuacha deni liongezeke kidogo kidogo. "Pay off" ni kulimaliza lote. Aliyelipa nusu hajafikia "pay off", na karatasi yenye maneno hayo isisainiwe mbele ya kupokea feza yote.

Bidhaa. "We are running low" maana yake bado kidogo, depo inakaribia kuwa tupu. "We have run out" ni kwamba vimekwisha. "Sold out" ni kwamba vimeuzwa vyote. "Stock up" ni kununua vingi vya kuweka akiba.

Mbele ya kutoa feza, mnunuzi aulize: "How much does it come to?" Kisha aombe muuzaji aandike jumla, avansi na deni linalobaki, kila moja kwa tarakimu. Tarakimu inasomeka sawasawa pande zote mbili za mpaka.