Joto au Wimbi Lenyewe?

Juma hili nataka tutazame hofu iliyoingia majumbani mwetu pamoja na simu za mkononi na majiko ya maikrowevu. Akina mama wajawazito huniuliza: je, mawimbi haya yanamdhuru mtoto aliye tumboni? Swali hili ni la haki, na historia yake ni ndefu kuliko ya simu zenyewe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, rada zilienea majeshini, na wakubwa wa dunia wakagawanyika hata katika jambo hili. Mwaka 1958 Urusi ya Kisovieti iliruhusu mfanyakazi wa kutwa apatwe na maikrowati 10 tu kwa kila sentimita ya mraba. Marekani, mwaka 1966, iliruhusu miliwati 10, yaani mara 1,000 zaidi. Wamarekani walishikilia kwamba mawimbi hudhuru kwa joto tu. Warusi walisema yapo madhara hata pasipo joto. Nani mkweli? Wanyama ndio walioitwa kutoa ushahidi.

Mwaka 1971 watafiti wawili wa Marekani, Carpenter na Livstone, waliwapiga mawimbi mbawakavu wa unga waliokuwa bado ndani ya gamba. Wengi walitoka na vilema. Wenzao waliopashwa moto kwa njia ya kawaida hawakuharibika kiasi hicho. Ilionekana kama Warusi wameshinda. Lakini kufikia mwaka 1979 watafiti wengine waliorudia jaribio hilo walikuta kwamba hata namna wadudu walivyofugwa ilibadili matokeo. Ushahidi ukayumba.

Kisha, mwaka 1986, Lary na wenzake, watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, walichapisha kazi yao juu ya panya wenye mimba ya siku 9. Walitumia mawimbi ya redio, jamaa ya maikrowevu, yale ya kuunganishia plastiki viwandani. Walipandisha joto la miili ya panya hao hatua kwa hatua. Lilipofika nyuzi 41.5 za sentigredi, vifo vya watoto tumboni na vilema vilianza kuonekana, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo vilivyozidi.

Mwaka 2023 wataalamu walioombwa na Shirika la Afya Duniani walichapisha mapitio ya majaribio ya wanyama. Idadi ya watoto wanaozaliwa haikupungua. Uzito wao tumboni ulipungua kidogo, na baadhi ya majaribio yalitumia nguvu ya kutosha kupandisha joto la mwili. Kuhusu tabia za watoto baada ya kuzaliwa, ushahidi ni dhaifu.

Panya si binadamu, nakubali. Lakini katika miaka hii yote, joto ndilo shahidi ambaye hajabadili kauli. Basi mama mjamzito anayeiogopa simu, huku akiichukulia homa kuwa jambo dogo na kulala bila chandarua, amemkimbia nyoka wa picha akamkanyaga nyoka wa kweli. Malaria huharibu mimba na huzaa watoto wenye uzito pungufu. Hilo halihitaji tena ushahidi wa panya. Homa ikipanda, twende zahanati siku hiyo hiyo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.