Gavana wa Kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania

Wengi wetu tunapoisoma historia ya uhuru huzikumbuka bendera na wimbo wa taifa, tukaisahau sarafu. Lakini Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, shilingi iliyokuwa mifukoni haikuwa yake. Ilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ambayo makao yake yalikuwa London hadi mwaka 1960. Kila shilingi 20 zilisimama juu ya paundi moja ya Kiingereza. Bodi hiyo ilikuwa zaidi duka la kubadilishia fedha kuliko benki. Kuikopesha serikali au kuongoza mikopo ya nchi haikuwa kazi yake hasa.

Tarehe 14 Juni 1966 Mwalimu Nyerere aliifungua Benki Kuu ya Tanzania. Gavana wake wa kwanza alikuwa Edwin Mtei, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, aliyechunga mbuzi utotoni na kusoma Makerere. Alikuwa hajatimiza miaka 34. Tukumbuke kwamba wakati huo Wakenya walimkabidhi benki yao mtaalamu kutoka ng'ambo. Sisi tulimkabidhi kijana wetu.

Majaribu hayakuchelewa. Mwezi Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, mabenki ya kigeni yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mwezi Novemba mwaka huo huo Waingereza waliishusha thamani paundi yao. Zamani shilingi ingeanguka pamoja nayo bila sisi kuulizwa. Safari hii nchi tatu za Afrika ya Mashariki zilikataa kuifuata, na paundi iliyokuwa shilingi 20 ikawa shilingi 17 na senti 14. Kwetu sisi, hapo ndipo uhuru wa sarafu ulipodhihirika.

Mtei aliiacha benki mwaka 1974, akawa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika ya Mashariki hadi ilipovunjika mwaka 1977, kisha Waziri wa Fedha. Vita vya Uganda na bei ya mafuta vilikausha akiba ya fedha za kigeni. Mwaka 1979 alijadiliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, nalo likataka, pamoja na mengine, shilingi ishushwe thamani. Mwalimu alikataa katakata, akiona kwamba masharti hayo yangewaumiza wanyonge na kuipokonya nchi uamuzi wake. Waziri naye hakuona njia nyingine ya kupata fedha za kigeni. Akajiuzulu. Si jambo jepesi kumhukumu mmoja wao: wote wawili waliitetea shilingi ile ile, mmoja akiitazama kama heshima ya taifa, mwingine kama hesabu inayopaswa kulingana.

Kuanzia mwaka 1982 Mtei alikuwa mkurugenzi katika Shirika hilo hilo, huko Washington. Mwaka 1986, muhula wake ulipokuwa ukimalizika, Serikali ya Rais Mwinyi ilitia sahihi mapatano nalo, na shilingi ikashushwa thamani.