Kwa nini mzungu wa tatu anamla mzungu wa pili?

Jioni moja Katesh, mawingu yakiwa yameshaufunika Mlima Hanang, nilitupa bibi wa kopa nikijua tumeshinda. Babu akatupa ghulamu wa kopa, akazoa karata zote nne. "Mzungu wa tatu anamla mzungu wa pili," akasema.

Nikabisha. Malkia analiwaje na mtumishi wake? Babu hakuwa na jibu. Ndivyo alivyofundishwa Tanga, ujanani, alipokwenda kukata mkonge.

Jibu nimelipata miaka mingi baadaye, na liko kwenye hesabu.

Kuna mchezo wa Ureno unaoitwa Sueca. Wanacheza watu wanne, wawili wawili, wenzi wakikaa wakitazamana. Kila mmoja anatupa karata moja, ya aina ileile iliyotangulia kama anayo. Kubwa inazila zote, na turufu inakula aina nyingine yoyote. Mwishoni mnahesabu mlichokula: ree 11, saba 10, mfalme 4, ghulamu 3, bibi 2. Jumlisha: kila aina ina pointi 30, na aina ziko nne, kwa hiyo 120. Nusu yake ni 60. Anayefikisha 61 ameshinda.

Sasa rudi kwa babu. Mfalme alimwita mzungu wa nne, ghulamu wa tatu, bibi wa pili. Yaani namba ile ni bei ya karata, haihusiani na cheo cha ikulu! Na mchezo wenyewe aliuita wahedi wa sitini, maana yake kwa Kiarabu ni moja na sitini.

Maneno mengine yanaelekeza kulekule. Karata ni carta ya Kireno, kopa ni copas, uru ni ouros, shupaza ni espadas, pau ni paus, turufu ni trunfo. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ujenzi wa Ngome ya Yesu ulianza 1593, na Waomani wakaiteka 1698. Wareno waliondoka, maneno yakabaki. Tusiseme mlango ulikuwa mmoja tu, maana hata Wagoa walioishi Zanzibar karne ya 19 walitoka kwenye himaya hiyohiyo ya Wareno.

Kutoka pwani, maneno haya yalipanda bara na Kiswahili. Mbulu na Hanang kuna Kiiraqw, ambacho ni Kikushi, Kidatoga, ambacho ni Kiniloti, na Kihadza, ambacho hakijapata ndugu wa uhakika. Nyumbani babu alisema Kiiraqw. Akishika karata, alisema turufu kama mtu wa Mombasa.

Kitu kingine alichonifundisha ni kunyamaza. Mwenzio humwambii una nini mkononi, anakusoma kwa karata unayotupa. Mwaka 2019 Mjerumani Thomas Sing alilichukua wazo hilo akalisukuma mbele katika mchezo wa The Crew: wachezaji wote wako upande mmoja, kila mmoja ana kazi yake, na kuambiana karata ni marufuku isipokuwa kwa ishara chache. Mnashinda wote au mnashindwa wote. Siku hizi hata safari ya kubuni ya Tolkien, ile ya pete, imetengenezewa mchezo wa namna hiyo. Babu angeuelewa kwa dakika tano.

Kijiweni kwetu sasa wanapenda zaidi lasti kadi, ambapo kila mtu anapigana peke yake. Si dhambi. Ila watoto wanasema mfalme, malkia na jeki, majina yasiyobeba bei, na hesabu ya 61 inaondoka na wazee walioijua. Ushahidi huu wa historia uko midomoni mwao.

Kwa hiyo ukienda nyumbani likizo hii, beba karata. Muombe mzee mmoja akae upande wako, kisha muulize anaziitaje na anazihesabuje. Andika kila neno.