Njia ya Maji: Kutoka Takwa Mpaka Shela

Takwa haina mwenyeji. Kuta zake zimesimama upande wa kusini wa kisiwa cha Manda, Kaunti ya Lamu, na karibu nazo hakuna nyumba inayofuka moshi. Lakini wako wanaouita mji ule wao. Wanakaa ng'ambo ya mlango wa bahari, Shela, na mara mbili kwa mwaka hupanda vyombo wakavuka kwenda kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo, nje ya ukuta wa mji ambao wazee wao waliuhama yapata miaka 300 iliyopita.

Mgeni anayefika Lamu hasikii habari hizi mapema. Ataambiwa kwanza mbio za punda, mashindano ya mashua, Maulidi, tamasha la utamaduni. Ni mambo mazuri, na nitayafikia. Ila kadiri ninavyozidi kuijua kaunti hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jambo lililowahamisha watu wake na kuwatuliza, kuliko vita na kuliko biashara, ni maji ya kunywa. Kwa hiyo niliamua kuifuata njia ya wahamaji wale kama walivyoifuata wenyewe: kwanza Takwa, halafu Shela, mwisho Lamu mjini.

Takwa hakuendeki saa yoyote. Chombo hupita katika mkono wa bahari unaopenya ndani ya mikoko, na maji yakipwa mkono ule hugeuka tope. Tulingoja bamvua, siku ambazo maji hujaa sana, tukaingia asubuhi. Mkoko ulipotubana pande zote mbili nahodha alishusha tanga, akachukua upondo, akawa anasukuma taratibu huku akiangalia alama ya maji kwenye mizizi. "Usikae sana huko ndani, mwanangu," aliniambia. "Maji yakitangulia kutoka, sisi tutalala hapa." Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na ukiwa ndani ya mkono ule unaelewa kwa nini mji ungejificha hapa. Adui aliyetoka bahari kuu asingeuona, na asiyejua saa za maji asingefika.

Mji wenyewe ulistawi kati ya mwaka 1500 na 1700 hivi. Umezungushiwa ukuta, na ndani yake yamebaki magofu ya nyumba zaidi ya 100, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nyumba nyingi zimeelekezwa kaskazini, upande wa kibla. Mtu akipita katika vichochoro vyake leo hupita chini ya mibuyu mikubwa ambayo haikuwako wakati watu wakiishi, kwani baadhi imeota penye sakafu za vyumba. Sogea karibu na ukuta mmojawapo, pale lipu ilipobanduka, uliangalie jiwe. Utaona matundu ya tumbawe, madogo na yaliyopangika, na hapa na pale ganda la kome lililonaswa ndani ya chokaa. Mji mzima ulitolewa baharini.

Katikati uko msikiti mkuu, na juu ya ukuta wake wa kibla imesimama nguzo. Misikiti ya kale ya pwani yetu haina kawaida hiyo. Nguzo za namna ile huwekwa makaburini. Ndiyo maana watu husema kwamba chini ya ukuta ule amezikwa shehe. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyechimba Gede, alifika hapa mwaka 1951 na kuuita Msikiti wa Nguzo. Nje ya ukuta wa mji, kuelekea majini, liko kaburi lenyewe linalozuriwa. Nguzo yake ni ndefu na imara, na maandishi yake yana tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani karibu 1683 wa Miladi. Aliyezikwa pale alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kuuona mji ukiwa hai. Haikupita muda mrefu, Takwa ikahamwa.

Kwa nini? Wataalamu hutaja uhasama na Pate, kisiwa jirani, hutaja maradhi, hutaja visima kuingia chumvi. Mimi chumvi naipa uzito wa kwanza, na sababu yangu haihitaji kuchimba ardhi. Uhasama huisha na maradhi hupita, watu wakarudi. Takwa hakurudi mtu. Manda ni kisiwa kikubwa, kina bandari nzuri, kina mji mwingine wa kale upande wa kaskazini ambao ulikuwa ukifanya biashara tangu karne ya 9, na bado kwa vizazi vingi kilibaki karibu kitupu kwa sababu maji matamu ni shida. Tena, waliohama wanaporudi kuzuru wanaomba mvua. Katika yote ambayo mtu angeweza kuomba penye kaburi la wazee wake, wao wanaomba hilo.

Tulitoka kabla maji hayajatuacha, tukavuka mlango kuelekea Shela. Safari ni fupi. Watu waliokuwa na watoto, mbuzi na vyungu ndani ya mitumbwi wangeimaliza kati ya kujaa na kupwa. Walichokifuata kinaonekana tangu mbali: matuta ya mchanga, meupe, yaliyopanda nyuma ya mji na kufuata pwani kusini magharibi kwa kilomita kadhaa. Mtalii anayaona kama mandhari, naye halaumiwi kwa kuyapenda. Lakini kazi ya matuta yale iko chini. Mvua ya masika inaponyesha, mchanga huimeza kabla haijatiririka baharini, huichuja na kuishusha taratibu. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo hulala juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa, na visima huyachota hapo. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Kinywaji cha mji mzima, tangu msikiti mpaka hoteli, kimetegemea hazina hiyo iliyo chini ya mchanga.

Shela ilikua taratibu, na msikiti wake wa Ijumaa wenye mnara uliochongoka ulijengwa mwaka 1829. Lakini jina la Shela liliingia katika historia ya pwani nzima miaka michache kabla ya hapo, ufukweni. Yapata mwaka 1812 jeshi la Pate, likisaidiwa na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, lilishuka Shela kuja kuitiisha Lamu. Watu wa Lamu wakatoka kulikabili, na likashindwa vibaya. Wazee husimulia kwamba waliokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, maji yamepwa, hawana pa kwendea. Wakauawa pale pale, na kwa miaka mingi upepo ukawa unafukua mifupa kwenye matuta.

Ushindi huo uliwatia watu wa Lamu hofu. Walijua Mombasa itarudi kulipa kisasi, wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said wa Oman kuomba ulinzi. Aliwaletea liwali na askari. Kutoka hapo nguvu za Pate zikazidi kupungua, na mwaka 1837 Mombasa yenyewe ikaangukia mikononi mwa Seyyid. Mtu anayeota jua leo kwenye mchanga wa Shela amelala mahali ambapo utawala wa Seyyid Said ulipata mlango wake katika pwani ya Kenya. Naona ajabu kwamba hakuna kibao cha maana kinachomwambia hivyo.

Kutoka Shela hadi Lamu mjini ni kilomita 3 hivi kwa miguu, kando ya bahari. Maji yakijaa sana njia hufunikwa, ukavua viatu au ukangoja. Ngome inayokulaki penye uwanja wa mjini ni tunda la vita vile vile, na ilimalizika kujengwa mwaka 1821. Waingereza waliifanya jela, ikabaki jela mpaka mwaka 1984, ndipo ikakabidhiwa makumbusho. Hivi sasa ina maktaba, hufanyiwa maonyesho na mikutano, na watoto huingia na kutoka mahali ambapo babu zao wangepita mbio. Mji Mkongwe wa Lamu uliandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Nyumba zake zinamkumbusha Takwa mtu aliyetoka huko: tumbawe lile lile, chokaa ile ile, dari za boriti za mikoko. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Na karibu kila nyumba ya kale ina birika. Niliinamia moja katika ukumbi wa nyuma wa nyumba moja ya mtaa wa Mkomani. Maji yalikuwa tuli, kiwiko cha mkono hakizami, na ndani yake samaki wadogo wakizunguka. Wanawekwa makusudi wale viluwiluwi vya mbu. Kata ilikuwa imening'inizwa ukutani, na mama mwenye nyumba alinionyesha namna ya kutawadha kwa maji ya kata moja tu, hakuna tone lililopotea. Adabu ya maji ya namna hiyo hurithiwa kwa watu waliowahi kuyakosa.

Sasa sherehe. Kubwa kuliko zote ni Maulidi, mwezi wa Mfungo Sita, na makao yake ni msikiti wa Riyadha, mtaa wa Langoni. Msikiti huo ni kazi ya Habib Swaleh, aliyekuja Lamu kutoka Ngazija katika karne ya 19, akawafundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuwajali, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, na akaruhusu matari katika kumsifu Mtume. Wapo waliompinga. Leo wanaokuja Maulidini wanatoka pwani yote, kutoka Tanga na Unguja mpaka Komoro, na zefe inapopita ufukweni na kanzu nyeupe mstari kwa mstari, maduka hufungwa yenyewe. Hii si sherehe iliyobuniwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni anakaribishwa, akae pembeni, avae kwa heshima, aulize kabla ya kupiga picha.

Tamasha la utamaduni ni la juzi, lilianza karibu na mwaka 2000, na shabaha yake tangu mwanzo ni kuonyesha na kuvutia. Silidharau. Vijana hupanda punda bila tandiko na kuwakimbiza kando ya bahari, na punda Lamu si kichekesho: ndiye anayebeba mawe, simiti na magunia katika mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari. Manahodha wa Shela, Lamu, Matondoni na Kipungani hushindana kwa mashua, na hapo utaona ujuzi wa kusoma upepo ambao hausomwi darasani. Wako wafumaji wa kofia, wacheza bao, wapakaji hina, malenga. Siku zile nyumba za wageni hujaa, mabaharia hupata kazi, mama lishe huuza mpaka usiku. Kaunti ambayo utalii wake umewahi kuanguka kwa sababu ya mashambulizi na maonyo ya usafiri inazihitaji siku hizo.

Ila nina jambo na wapangaji wa kalenda hizi. Wanauza Lamu kama mahali pa kuja kutazama, na matuta ya Shela wanayauza kama picha ya nyuma. Kwa miaka sasa wakazi na wahifadhi wamekuwa wakilalamika kuhusu watu wanaojimegea viwanja juu ya mchanga ule na kuuchota kwa ajili ya ujenzi. Nyumba za kifahari zimepanda kuelekea matuta, zikiwa na mabwawa ya kuogelea na bustani zinazomwagiwa maji kutwa. Kila jengo juu ya mchanga ni eneo ambalo mvua haizami tena. Na kisima kikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi yaliyo chini hupanda kujaza nafasi. Visima kadhaa vya mjini tayari ladha yake imebadilika. Hayo ndiyo ninayoamini yaliiua Takwa, na Takwa haikuwa na pampu.

Bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 huko Kililana, italeta watu zaidi na kiu zaidi. Serikali ya kaunti inayotangaza mbio za punda ina wajibu wa kuweka alama za mpaka kwenye matuta, zionekane kwa macho, na kumshtaki anayezivuka, awe mwenyeji au mgeni mwenye fedha. Isingoje kesi za majirani.

Nawe msomaji, ukienda Lamu kwa Maulidi au kwa tamasha, tenga siku moja zaidi. Uliza saa za maji, ukodi chombo cha mtu wa Shela, uende Takwa asubuhi bamvua likiwa juu, ulipe kiingilio cha makumbusho maana ndicho kinachowalipa wanaofyeka magofu. Ukiikuta siku ya ziara, waachie wenyewe dua yao. Ukirudi Shela na ukaonyeshwa kiwanja cha bei nafuu kwenye mchanga, kikatae.