Mkulima wa Buganda ya Kale, na Jinsi Tarehe Yake Inavyotafutwa

Tunapokumbuka mambo ya kale hapa Mengo, desturi yetu ni kutaja wafalme, vita na masheikh. Twasema Ahmed bin Ibrahim alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844, kisha twapiga mbio mpaka kwa Mutesa. Lakini mgeni yule alipokuwa njiani, alilishwa na nani? Migomba aliyoipita ilipaliliwa na nani, na mwenye shamba alimpa nini mkubwa wake? Maswali haya nayo ni elimu ya tarehe, na wenye elimu hiyo wana njia zao za kuyajibu.

Kwanza hutazama vitabu. Sir Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro tangu 1889 hata 1926, aliandika kwa Kiganda habari za wafalme, za koo na za desturi. Na padre John Roscoe alitoa kitabu chake, The Baganda, mwaka 1911. Humo tunasoma jinsi nyumba za vijijini zilivyohesabiwa kwa ajili ya kodi, na jinsi kodi yenyewe ilivyotolewa kwa kauri, nguo za magome ya mti, mifugo na majembe. Ni hazina kubwa. Walakini Kagwa alikuwa mtu wa barazani, tena wa upande ulioshinda katika vita vya dini, na wazee waliomweleza Roscoe wengi walipelekwa kwake na huyo huyo Kagwa. Mkopi, yaani mnyonge wa shambani, huonekana katika kurasa hizo akibeba mzigo, hasikiki akisema. Wanawake, ambao ndio waliolima migomba na kulisha nchi nzima, husikika kidogo zaidi. Na sisi Waislamu, ambao kufika 1893 tulikuwa tumebakiwa na Butambala peke yake, mashamba yetu hayakupata mwandishi wa cheo kama chake.

Tuliosoma chuoni hatushangazwi na jambo hili. Tumefundishwa kuuliza kila khabari: nani aliyeisimulia, naye aliisikia kwa nani? Ibn Khaldun, aliyefariki Cairo mwaka 1406, aliwalaumu waandishi wanaopokea khabari bila ya kuipima kwa hali ya watu na maisha yao. Wenye tarehe wa leo wanafanya kazi hiyo hiyo, ila wameongeza mizani nyingine.

Moja ni lugha. Kwa Kiganda fedha huitwa ensimbi, na maana yake ya asili ni kauri, zile zilizotoka pwani na kutungwa kwa uzi. Noti zimekuja, kauri zimekwisha sokoni, neno limebaki. Sabuni nayo tunaiita kwa jina lililokuja na misafara ya pwani, na hivyo twajua nani aliyeileta hata kama hapana waraka. David Schoenbrun, katika kitabu alichokitoa mwaka 1998, alilinganisha maneno ya kilimo na ufugaji katika lugha za nchi za maziwa, akafuatilia mambo ya karne nyingi kabla ya mtu yeyote kushika kalamu huku kwetu.

Mizani nyingine ni vitu vyenyewe. Mti wa mutuba huchunwa gome, shina likafungwa majani ya mgomba lisikauke, nalo gome hupondwa kwa nyundo ya mti yenye mifereji mpaka likawa nguo. Gome humea tena. Mtu mwenye mituba yake alikuwa na nguo, na kodi, na kitu cha kubadilisha. Ilipoenea merikani ya wafanya biashara wa pwani, fundi wa mbugu alipungukiwa. Na jambo hilo lilianza kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, na kabla ya pamba kupandwa kwetu mwaka 1903. Basi si kweli kwamba kijiji kilikuwa kimelala mpaka Mzungu alipokiamsha.

Ziko pia karatasi ndogo ndogo. Mapatano ya 1900 yaliwagawia wakubwa ardhi za mailo, na mlimaji akawa mpangaji; sheria ya 1928 ikaweka mpaka wa busulu aliyodaiwa. Risiti ya busulu humwambia mwenye tarehe jina la mlimaji, kijiji chake na alicholipa, mambo ambayo Kagwa hakuyaandika.

Babu yangu alikuwa na kisanduku cha risiti hizo. Alipofariki, sisi vijana tulisafisha nyumba, tukazichoma pamoja na takataka. Mimi mwenyewe ndiye niliyewasha kiberiti. Amebaki shangazi, ambaye bado anaijua mipaka ya kibanja kile, na majina ya aina za ndizi zilizokuwamo, na ni bibi gani aliyekuja na kila mche siku ya kuolewa kwake. Tangu Ramadhani iliyopita nakwenda kwake kila Jumapili na daftari.