Wapagazi wa Kariakoo na Shahada ya Mpwa Wangu

Ndugu msikilizaji, Jumapili iliyopita niliitwa kwenye kikao cha familia nyuma ya duka la shemeji yangu, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, katikati ya marobota ya vitenge. Mshtakiwa alikuwa mpwa wangu. Binti huyu ni daktari. Amesomeshwa kwa vitenge hivyo hivyo, akapata shahada yake ya udaktari, akapangiwa kazi mkoani, na baada ya miaka minne amerudi na barua mkononi: amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Muhimbili. Vigelegele vilipigwa mpaka familia iliposikia anakwenda kusomea nini. Si upasuaji, si magonjwa ya watoto, si macho. Ni sera na uongozi wa huduma za afya.

"Tumesomesha daktari," akasema shemeji, "sasa anataka kuwa karani."

Mimi nilikuwa nimeitwa kama mjomba, nimkanye. Badala yake nikajikuta namtetea, na utetezi wenyewe niliuokota pale pale tulipokuwa tumekaa.

Wengi wetu tunajua jina Kariakoo limetoka wapi, lakini hatulitafakari. Wajerumani walijenga jengo la soko hapa muda mfupi kabla ya vita ya 1914. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, mahali hapa pakawa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi walichokiita Carrier Corps. Wazee wetu wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Vita ile ilipiganwa katika nchi yenye mbung'o, ambako ng'ombe, farasi na punda walikufa njiani, na barabara za magari zilikuwa chache mno. Kwa hiyo kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa lilikwenda mbele juu ya kichwa cha mtu.

Walichukuliwa watu kwa mamia ya maelfu, na waliokufa walikuwa makumi ya maelfu. Waliuawa na nini? Hapa ndipo nilipomwomba shemeji aache kuhesabu noti anisikilize. Walio wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Mtu aliyezoea ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi, hana sufuria ya kutosha, hana kuni, hana muda wa kuuivisha, akala ugali mbichi na matumbo yakaharibika. Mtu wa pwani alipandishwa milimani kwenye baridi bila blanketi. Na kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo mpagazi alivyokula sehemu kubwa zaidi ya mzigo aliobeba, hata ukifika mwisho umebaki kidogo, naye chakula chake hakipo.

Madaktari walikuwapo, tena wengine walipiga kelele wakiandika ripoti. Lakini daktari hawezi kutibu posho iliyopangwa vibaya, wala blanketi ambalo halikuagizwa. Hata hesabu ya marehemu ni ya kukisia, kwa kuwa daftari halikutunzwa sawasawa. Ukienda Mtaa wa Samora utaiona Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni mwenye bunduki. Mpagazi ameachiwa jina la soko.

Tukavuka barabara kidogo kwa mawazo, mpaka Mnazi Mmoja. Uwanja ule tunaoutumia kwa mikutano na kupumzikia haukuachwa wazi kwa bahati. Wakati wa mkoloni mji uligawanywa: Uzunguni kule baharini kwenye upepo, Uhindini katikati, na Waafrika upande huu wa Kariakoo na Ilala. Eneo la wazi kati ya Mwafrika na wengine lilitetewa kwa hoja za afya, eti magonjwa na mbu wa huku wasifike kule. Hospitali nazo zilifuata ramani hiyo hiyo. Ile ya Ocean Road, waliyoijenga Wajerumani miaka ya 1890, ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walikuwa na hospitali iliyotokana na fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Jina lake liko hadi leo kwenye jengo moja la wodi pale Muhimbili, na wagonjwa wengi wanaolazwa humo hudhani ni la daktari fulani.

Hiyo yote ni sera, ndugu msikilizaji. Mtu alikaa mezani na karatasi akaamua nani atibiwe wapi, kwa fedha za nani, umbali gani kutoka nyumbani kwake. Hakugusa mgonjwa hata mmoja. Kama huyo ni karani, basi ni karani wa kuogopwa.

Baada ya Uhuru mezani pakakaa watu wengine. Mwaka 1964 ilichapishwa ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika, iliyoandikwa na jopo la wataalamu watano chini ya Profesa Richard Titmuss wa London. Ilishauri nchi isikimbilie kujenga mahospitali makubwa ya mijini, bali ijenge vituo vya afya karibu na watu na kuweka kinga mbele. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na mpango wa miaka mitano ulioanza 1969, njia hiyo ndiyo iliyofuatwa, na zahanati zikaota vijijini kwa kasi ambayo majirani zetu waliisifu. Sasa hapa niseme ukweli hata kama unanivunjia hoja: Titmuss mwenyewe hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Kabla ya kuwa profesa alikuwa karani wa kampuni ya bima. Shemeji alifurahi sana kusikia hayo, akataka niyarudie mara mbili.

Lakini kujenga zahanati ni jambo moja, kuiendesha ni jingine. Miaka ya 1980 uchumi ulipoanguka, dawa za vijijini zilikuja kwa msaada wa Denmark kupitia UNICEF, katika masanduku yaliyofungwa. Kila zahanati ilipata sanduku lake la mwezi, na ndani dawa zile zile kwa kiasi kile kile. Masanduku hayo yaliokoa maisha, hilo halina ubishi. Ila zahanati yenye wagonjwa wengi na yenye wachache zilipewa sawa, yenye malaria tele na ya nyanda za baridi nazo sawa. Huku dawa moja inakwisha katikati ya mwezi, kule inakaa mpaka inaharibika. Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya mwaka 1993, na baadaye ndipo vituo vikaanza kuagiza kwa mahitaji yao. Agizo zuri, hata hivyo, linamhitaji mtu anayejua alitumia nini mwezi uliopita.

Nina sababu yangu ya kulisemea hili kwa uchungu. Mwaka 2006 mama yangu alilazwa katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari alikuwapo, kijana mwenye adabu. Muuguzi alikuwapo. Maji ya dripu yalikuwapo, yamepangwa dirishani. Kilichokosekana ni mipira ya kuyapitishia. Mipira ilikuwa stoo, boksi zima, na mlango wa stoo umefungwa kwa kufuli. Funguo alikuwa nazo mtunza stoo, naye alikuwa msibani Kigamboni, na enzi zile kurudi kutoka Kigamboni ni kusubiri pantoni. Tulisubiri zaidi ya saa mbili. Yule daktari kijana alisimama koridoni mikono mitupu, akaniambia, "Mzee, mimi nimesoma miaka yote hii, na leo sina maana." Mama alipona, Mungu ni mwema. Lakini sijaisahau sauti ile.

Je, mambo hayo yanafundishika darasani? Wamarekani waliamini hivyo mapema: Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha masomo ya uzamili ya uendeshaji wa hospitali mwaka 1934. Mimi nilikuwa na mashaka mpaka niliposoma habari za Rufiji na Morogoro Vijijini, na ningependa kila diwani azisome.

Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Kanada, ilianzisha katika wilaya hizo mbili mradi uliojulikana kama TEHIP. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa, kama la muuza duka: fedha tunazotumia zinakwenda kwenye kinachotuua? Taarifa za vifo zilikusanywa kwa kupita nyumba kwa nyumba, kuuliza nani amefariki na alikuwa na dalili gani, kwa kuwa wengi hufia nyumbani na hospitali haiwajui. Hesabu ilipowekwa mezani, watu waliguna. Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea, lakini katika bajeti ya afya ya 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kikapewa asilimia 22 ya fedha. Hakuna aliyeiba. Bajeti ilikuwa inanakiliwa mwaka hadi mwaka, na kufuata alikotoka mfadhili.

Timu za wilaya zilipewa mafunzo ya kupanga, vifaa vya kuchora picha ya magonjwa yao, redio za mawasiliano na zahanati, na ahadi ya nyongeza ya hadi dola 2 kwa kila mwananchi kwa mwaka. Mpaka leo linanishangaza hili: hawakuweza kuzitumia zote. Nyongeza waliyomudu kuitumia haikufika dola 1. Hata hivyo fedha zikahamia kwenye malaria, vyandarua na utaratibu bora wa kumtibu mtoto mgonjwa, na katika miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Sisemi ni mipango peke yake, mambo mengine nayo yalichangia. Lakini waganga walikuwa wale wale na zahanati zile zile.

Shemeji alisikiliza mpaka hapo, kisha akauliza swali la haki: kwa nini binti yake, na si mhasibu? Nikamwachia mwenyewe ajibu.

Akaeleza kwamba mkoani alikaa mwaka mmoja tu kama daktari wa kawaida, kisha akateuliwa mganga mfawidhi wa kituo cha afya. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, badala ya kukaa halmashauri. Ni jambo jema, maana kituo kinaweza kununua kinachokosekana bila kungoja mjini. Lakini ina maana kwamba asubuhi anazalisha, mchana anaandika mpango wa manunuzi, jioni anapigiwa simu kuhusu hoja za mkaguzi. Chuoni alifundishwa moyo una vyumba vinne. Hakufundishwa hati ya malipo ina sahihi ngapi. Mwaka wa kwanza alikosea kujaza fomu, fedha za dawa zikalala benki robo mwaka nzima huku akina mama wakiandikiwa dawa waende kununua. Na sasa ipo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, itakayoleta madai, mikataba na mahesabu mengine juu ya hayo.

"Mhasibu anajua fedha, baba," alisema, "lakini hajui kwa nini dawa ya uchungu haingoji robo ijayo. Nataka niwe mtu anayejua yote mawili."

Shemeji alinyamaza. Ni mtu ambaye miaka 25 hajawahi kufunga duka bila kuhesabu robota moja moja, na nadhani ile habari ya fedha kulala benki ilimuuma kuliko wapagazi wangu wote. Kisha akauliza lile ambalo sikuwa na jibu lake.

"Haya, asome. Akirudi na shahada yake, nani atampa funguo za stoo?"

"Funguo ninazo, baba, tangu mwezi wa kwanza," akajibu mpwa wangu. "Kinachoninyima usingizi ni daftari."

Dada yangu akaleta chai. Nje, vijana wa mikokoteni walikuwa wakipiga kelele za kuomba njia, mmoja amebeba marobota matatu kichwani. Shemeji akasema muhula wa kwanza atalipa. Wa pili ataangalia.